Wastani upi wa kuamini kwenye vishale: vitatu, tisa vya mwanzo, asilimia ya dabo au idadi ya vishale kwa legi?

Wakikutana watu wawili wanaorusha vishale ubishi wa nani mkali hauchelewi, mmoja anasema mi wastani wangu 65, mwenzake anajibu wangu 58 ila kila tukicheza nakufunga, na cha ajabu wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli kabisa. Hakuna aliyekosea hesabu, ila kila mmoja kabeba namba inayojibu swali lake tofauti.

Mi mwenyewe nimekaa muda mrefu naandika wastani mmoja tu kwenye daftari, ukipanda nafurahi, ukishuka nanuna, mpaka siku moja nikatulia nikarudia hesabu za nyuma nikakuta miezi yote ile nilikuwa nakomaa na tripo 20 (mkanda mwembamba wa ndani, namba mara tatu) wakati shida yangu ilikuwa dabo (mkanda wa nje, namba mara mbili). Daftari lilikuwa na majibu, mi ndo sikuliuliza vizuri. Kwa hiyo hapa naweka vipimo vinne vya 501 (mchezo wa kushusha pointi, naueleza hapo chini) ambavyo watu wanatumia sana, na cha tano kwa ajili ya wale wa kriketi, mchezo mwingine wa ubao huohuo wa vishale, tuvipitishe vyote kwenye maswali yaleyale halafu mwisho utaona kipi kinakufaa we.

Legi ina kazi mbili ndani yake

Kwa ambaye bado mgeni: legi ni mchezo mmoja mzima, na kwenye 501 unaanza na pointi 501 unashuka nazo, kila zamu vishale vitatu, na kishale cha mwisho lazima kitue kwenye dabo (ule mkanda mwembamba wa nje kabisa) au kwenye jicho, yaani kile kiduara cha katikati chenye 50, na pointi ziishe sifuri kamili. Ukizidisha, au ukabakiza 1, zamu nzima inafutwa unarudi ulipokuwa. Zamu moja mwisho wake ni 180, tripo 20 mara tatu, na legi fupi kuliko zote inawezekana kwa vishale tisa.

Sasa hapo kuna kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kukata pointi, unarusha sehemu ileile, tripo 20 hasa, na ukikosa bado unapata kitu. Ya pili ni kufunga, unarusha kwenye dabo nyembamba na ukitoka nje ya waya hupati chochote, sifuri. Kuna watu wanakata kama mashine wakifika 40 mkono unakuwa mzito, na kuna wengine wanakata pole pole ila ukiwapa nafasi mbili za dabo wamekumaliza. Vipimo vyote tunavyobishania vinatofautiana hapa tu, kipi kinapima kazi ya kwanza, kipi ya pili, na kipi kinazichanganya zote kwenye chungu kimoja.

Maswali ya kuuliza kila kipimo

Kinapima nini hasa? Kukiandika kuna usumbufu gani, maana kipimo kinachotaka karani pembeni hutakiendeleza wiki mbili. Kinatulia baada ya muda gani, yaani urushe kiasi gani ndo namba iache kuyumba. Kinadanganya wapi, na hili ndo swali watu wengi wanaliruka. Na mwisho, kinamfaa nani.

1. Wastani wa vishale vitatu

*Kinapima nini.* Huu ndo unaouona kwenye runinga. Unachukua pointi zote ulizokata, unagawanya kwa vishale vyote ulivyorusha, unazidisha mara tatu. Umechanganya kukata na kufunga pamoja, na ndo uzuri wake na ubaya wake hapohapo. Ukiwa na 60 maana yake kwa kawaida kila zamu unashusha 60 hivi, ukihesabu na zile zamu za sifuri za kwenye dabo.

*Usumbufu.* Mdogo sana. Pointi na vishale, basi. Programu za simu zinakuhesabia zenyewe. Ila kuna kosa moja la hesabu naliona kila siku, mtu anachukua wastani wa mechi ya leo na wa jana anajumlisha anagawa mbili. Usifanye hivo. Chukulia mechi ya kwanza umefunga legi 3 kwa vishale 15 kila moja, wastani 100.2, siku ya pili umefunga legi 7 kwa vishale 30 kila moja, wastani 50.1. Ukigawa mbili unapata 75 na unatembea kifua mbele. Hesabu ya kweli ni pointi 5,010 kwa vishale 255, ambayo ni 58.9, na tofauti ya pointi 16 kwenye mchezo huu ni kubwa sana, ni kama watu wawili tofauti.

*Kinatulia lini.* Pole pole kuliko watu wanavyodhani. Mfano mzuri ni Luke Littler kwenye mashindano ya dunia ya PDC (chama cha vishale vya kulipwa), Desemba 2024, alipocheza na Ryan Meikle. Seti ya mwisho (seti ni fungu la legi) alifunga legi tatu kwa vishale 11, 10 na 11. Jumla vishale 32 kwa pointi 1,503, wastani 140.91, rekodi ya seti kwenye mashindano hayo. Wastani wake wa mechi nzima siku ileile ulikuwa 100 na kidogo. Mtu mmoja, ubao mmoja, usiku mmoja, na namba mbili ziko mbali hivo. Kama Littler anayumba namna hiyo basi wewe na mimi legi zetu tano za jioni hazisemi chochote.

*Kinadanganya wapi.* Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utamu.

Wa kwanza kufika kwenye dabo ndo anayelipia. Chukua Juma na Hamisi, Juma anaanza. Juma anakata 100 mara nne, amebaki 101. Zamu ya tano anapiga tripo 20, halafu 1, amebaki 40, kishale cha tatu anajaribu dabo 20 kinatoka nje. Zamu ya sita anakosa viwili, cha tatu kinaingia. Legi imeisha kwa vishale 18, wastani wake 83.5. Hamisi yeye amecheza zamu tano, zote 85, amebaki 76 na hajarusha kishale hata kimoja kwenye dabo. Wastani wake? 85. Kwa hiyo aliyepigwa ana wastani mkubwa kuliko aliyempiga, na wala hajabahatika kwa lolote, ni vile tu legi ilikatishwa kabla hajafika kwenye sehemu ngumu. Aliyeshinda anabeba vile vishale vya sifuri, aliyeshindwa anatoka msafi. Sasa ukichukua mtu anayepigwa mara kwa mara na wakali, wastani wake unakuwa na sukari ndani.

La pili, wastani hauonyeshi umbo. Mmoja anapiga 60, 60, 60. Mwingine anapiga 140, halafu ile 26 ya aibu (20, 5 na 1, kila mrushaji anaijua), halafu 14. Wote wastani 60. Wa kwanza ni mtu wa kutegemewa, wa pili anahitaji mtu amwangalie miguu yake pale kwenye mstari.

La tatu, sheria za mchezo zinabadilisha namba. Kwenye mashindano ya vishale ya World Grand Prix lazima uanze na dabo pia, sio kumaliza tu, kwa hiyo vishale vya kutafuta dabo ya kuanzia vinahesabiwa na havileti kitu. Mtu akiwa na 92 pale halafu 98 kwenye mashindano ya kuanza moja kwa moja, usikimbilie kusema amepanda kiwango.

Na kushinda au kushindwa hakumo humu kabisa. Nusu fainali ya dunia 2017, Raymond van Barneveld alipiga wastani wa 109.34, namba ambayo kwenye mechi karibu zote unaondoka na ushindi, akapigwa seti 6-2 kwa sababu upande wa pili Michael van Gerwen alikuwa na 114.05. Van Barneveld hakucheza vibaya hata kidogo.

*Kinamfaa nani.* Mtu anayetaka namba moja ya kuangalia kwa mwezi mzima, legi nyingi zikiwemo. Pia kulinganisha watu wanaocheza ligi moja, sheria moja, wapinzani walewale. Mshabiki anayeangalia mechi ndefu nae unamtosha.

2. Wastani wa vishale tisa vya mwanzo

*Kinapima nini.* Zamu tatu za kwanza za kila legi, pointi zake zikijumlishwa zikagawanywa kwa idadi ya zamu. Hapo bado uko mbali na dabo kwa hiyo unapima kukata peke yake. Rudi kwa Juma na Hamisi: tisa vya mwanzo Juma ana 100, Hamisi 85. Ghafla picha imenyooka, Juma ndo alikuwa anakata zaidi muda wote na wastani wa jumla ulimficha.

*Usumbufu.* Mdogo, ila lazima uandike zamu kwa zamu sio jumla ya legi. Programu nyingi zinakuwekea.

*Kinatulia lini.* Ndo kinachotulia haraka kuliko vyote hapa. Kila legi, uishinde au uishindwe, inakupa vishale tisa vya kazi ileile, hakuna mpinzani wa kukukatisha katikati (labda ucheze na mtu anayemaliza kwa tisa, na hapo una shida nyingine). Wiki mbili za mazoezi ya kawaida unakuwa na namba ya kusimamia.

*Kinadanganya wapi.* Hakijui kama unafunga. Mtu anaweza kuwa na 70 ya tisa vya mwanzo akawa anachukua vishale 35 kumaliza legi, anakata vizuri halafu anaenda kukaa kwenye dabo kama anasubiri basi. Pia kinawapendelea wanaoanza kwa moto, kuna watu mkono unachemka zamu ya nne ya tano na hapo kipimo kimeshafunga daftari. Na kwa anayeanza kabisa kina kasoro yake, maana akikosa 20 akaangukia 1 au 5 ni majirani tu wa 20, ubao umepangwa hivo makusudi kuadhibu, kwa hiyo mtu wa namna hiyo anaweza kurusha kwenye 19 au hata 14 akapata wastani mkubwa zaidi bila mkono wake kubadilika hata nukta.

*Kinamfaa nani.* Anayefanya mazoezi ya kukata na anataka kujua kama kubadilisha mshiko, uzito wa kishale au alivyosimama kumesaidia. Na kwa nahodha anayetafuta mtu wa kuwekea presha wapinzani mapema.

3. Asilimia ya dabo

*Kinapima nini.* Katika vishale vyote ulivyorusha kutafuta dabo ya kumalizia, vingapi vimeingia. Juma pale juu alirusha vinne kikaingia kimoja, 25%. Wachezaji wa kulipwa wa juu kabisa huwa wanazunguka karibu na 40%, nikasema niiweke hapa ili ukiona yako 15% usikate tamaa, hata wao zaidi ya nusu ya vishale vya dabo vinatoka nje.

*Usumbufu.* Mkubwa kuliko vyote. Lazima mtu aamue kipi kilikuwa "kishale cha dabo" na kipi hakikuwa. Ukibaki 40 hakuna ubishi. Ukibaki 50 je? Mwingine anarusha jicho, mwingine anapiga 10 kavu (sehemu ya kawaida isiyozidishwa) abaki na 40, na anayeandika hawezi kuona moyo wako. Programu inakuuliza, na wewe ukiwa umekasirika unabonyeza chochote. Kwa hiyo asilimia za watu wawili wanaojiandikia wenyewe, mi sizilinganishi.

*Kinatulia lini.* Ooh hapa ndo penye balaa. Chukulia uwezo wako wa kweli ni 30%. Ukirusha vishale 20 vya dabo unatarajia viingie 6, ila kupata 4 ni kawaida kabisa na kupata 8 nako kawaida kabisa, yaani jioni moja unajiita 20% na jioni nyingine 40% na mkono ni uleule. Ukifika vishale 400 vya dabo ndo namba inakaa ndani ya pointi nne tano za ukweli. Legi moja inakupa vishale vitatu vinne vya dabo, piga hesabu mwenyewe ni legi ngapi hizo. Ndo maana ukiona mtangazaji anasema fulani ana 100% ya dabo na amefunga moja kati ya moja, cheka tu uendelee.

*Kinadanganya wapi.* Hakijali unafikaje kwenye dabo. Mtu anayekata vizuri anaacha 40 au 32 zake, na 32 ina raha yake maana ukikosa kwa ndani ukagonga 16 kavu umebaki dabo 8, ukikosa tena umebaki dabo 4, bado unaendelea kurusha. Anayekata ovyo anaacha namba za ajabu, anafika kwenye dabo asizozipenda akiwa na kishale kimoja mkononi na mpinzani anasubiri nyuma yake. Asilimia inawaona sawa. Pia mtu akirusha dabo akiwa mbele kwa pointi 200 na mwingine akirusha akijua akikosa mechi imeisha, vyote vinaandikwa kishale kimoja.

*Kinamfaa nani.* Mtu ambaye legi zake anazipoteza akiwa amebaki 40 na anataka uthibitisho. Ila nakushauri ukipime mazoezini kuliko mechini, kuna ile michezo ya kuzunguka dabo 1 mpaka 20 halafu jicho, vishale vitatu kila moja, inakupa vishale 63 kwa mzunguko mmoja bila ubishi wa kipi kilikuwa cha dabo. Mizunguko sita saba umeshapata ile 400.

4. Vishale kwa legi

*Kinapima nini.* Umefunga legi kwa vishale vingapi. Kinachanganya kukata na kufunga kama kile cha kwanza, ila kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa hata asiyejua kugawanya.

Ukicheza peke yako na kila legi ukaimaliza, kiukweli hiki na wastani wa vishale vitatu ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili: gawanya 1,503 kwa idadi ya vishale unapata wastani. Vishale 15 ni 100.2, 18 ni 83.5, 21 ni 71.6, 24 ni 62.6, 30 ni 50.1, 45 ni 33.4. Angalia kitu hapo, kutoka vishale 45 mpaka 30 umepunguza 15 na wastani umepanda pointi 17 hivi, ila kutoka 18 mpaka 15 umepunguza vitatu tu na umepanda hizohizo 17. Huku juu kila kishale ni dhahabu. Ndo maana anayeanza akiangalia wastani anaona hauendi popote wakati kwa vishale anakimbia kweli kweli.

*Usumbufu.* Hakuna. Andika namba moja kila legi.

*Kinatulia lini.* Sawa na wastani wa kwanza. Faida yake ni kwamba unaona legi moja moja, 22, 24, 23, 51, 25, na ile 51 inakuambia siku hiyo ulikwama kwenye dabo. Kwenye wastani ingeyeyuka humo ndani usiione.

*Kinadanganya wapi.* Mechini kinahesabu legi ulizoshinda tu, ulizoshindwa hazina mwisho. Na kwa kawaida unashinda zile ulizocheza vizuri, kwa hiyo mtu anayeshinda legi mbili kati ya kumi anaweza kusema "mi nafunga kwa 24" na hadanganyi, ila zile nane hatuzijui zingefika wapi.

*Kinamfaa nani.* Anayeanza, na anayefanya mazoezi peke yake. Mi nawaambia wanaoanza waachane na wastani kwa muda, waandike vishale, waangalie ile namba ya katikati ya legi kumi za mwisho ukizipanga kuanzia ndogo mpaka kubwa.

5. Kriketi: maki kwa raundi

Kwa kifupi, maana wengi hapa ni wa 501. Kriketi inatumia 15 mpaka 20 na jicho. Kavu ni maki moja, dabo mbili, tripo tatu, kwa jicho duara la nje moja na la ndani mbili, na namba inafungwa kwa maki tatu. Unajumlisha maki unagawanya kwa raundi, juu kabisa ni 9 kwa raundi. Inatumika sana kwenye mbao za umeme za ncha laini, Marekani na Japani hasa.

*Kinapima nini:* kuhama hama ubaoni, sio kung'ang'ania 20, na hapo kinaonyesha kitu ambacho 501 haikionyeshi. *Usumbufu:* mashine inafanya yote, kwa mkono ni kero. *Kinatulia lini:* sio haraka, maana kila mchezo unaenda njia yake. *Kinadanganya wapi:* mwisho wa mchezo mkibakiza jicho kila mtu maki zinashuka, pale raundi haizidi 6 hata urushe vipi, kwa hiyo anayefika mara nyingi mpaka kwenye jicho anaonekana dhaifu. Na mbinu inaingia, kuna wakati akili inakutuma ukafunge namba ya mpinzani iliyobakiza maki moja, umefunga kwa kishale cha kwanza, umesaidia timu, namba yako haijanenepa. *Kinamfaa nani:* wa kriketi, na usijaribu kukibadilisha kiwe wastani wa 501, wale wanaotoa majedwali ya kubadilisha wanakisia.

(180 sijaziweka kama kipimo. Ni tamu kuzihesabu, ila zinakuja mara chache kiasi kwamba kwa mtu wa kawaida mwezi wenye mbili na mwezi wenye tano hauna tofauti yoyote.)

Sasa uchague kipi

*Umeanza miezi michache iliyopita.* Vishale kwa legi, peke yako, mpaka legi zako nyingi ziwe chini ya 35 hivi. Wastani utakuvunja moyo bure.

*Uko kwenye 45 mpaka 60 na umekwama.* Usitumie kimoja. Andika wastani wa jumla na wa tisa vya mwanzo pembeni yake kwa legi mia moja halafu angalia pengo. Tisa vya mwanzo 62 na jumla 48, shida yako iko kwenye dabo au njia ya kufikia dabo, nenda kazunguke dabo. Tisa vya mwanzo 52 na jumla 49, dabo zako hazina neno, karudi kwenye tripo. Mi pengo langu lilikuwa 13 na nilikuwa sijui. Hili la pengo ndo ningependa mtu angeniambia mwaka wa kwanza.

*We ni nahodha unachagua wanne wa kucheza ligi.* Wastani wa vishale vitatu wa msimu mzima, ila ukiangalia kila mtu kacheza na nani, maana yule wa kupigwa na wakali ana ile sukari niliyosema. Wakikaribiana waweke kwenye dabo 20 wakati wenzao wanapiga kelele nyuma, utajifunza zaidi kuliko kwenye daftari.

*Unabadilisha vifaa au mkao.* Tisa vya mwanzo, wiki mbili kabla wiki mbili baada, dabo usizihesabu kabisa kipindi hicho zitakuchanganya.

*Una mashindano ya legi fupi, wa kwanza kufika tatu.* Fanya mazoezi ya dabo na uangalie asilimia yako ya mizunguko, sio ya mechi. Kwenye legi chache dabo mbili tu zinaweza kukupeleka au kukurudisha nyumbani.

*Unabishana na mtu kuhusu wachezaji wa runinga.* Muulize kwanza mechi ilikuwa na legi ngapi na ilianza kwa dabo au moja kwa moja. Michael van Gerwen alipiga wastani wa 123.40 dhidi ya Michael Smith kwenye Premier League ya vishale ya 2016, usiku mmoja pale Aberdeen, na bado haimaanishi kila usiku anarusha hivo. Kama unataka kujua nani mkali kwa msimu mzima uliza wastani wa msimu, na ukitaka kujua nani alikuwa moto usiku ule uliza wa mechi, ila msichanganye kwenye sentensi moja ndo mnapigania hapo kila mara.